Upande Usiofikiwa na Mpira

Doha, 11 Januari 1999

Muhsina mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu iko sebuleni kwa mama mkwe wako, na ninalotaka kukwambia silitaki lisikiwe na sebule nzima. Mume wa binamu yetu Balqees anakuja huko na lori lake, atakufikishia. Jibu mpe huyo huyo.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Hapa kilabuni mimi ndiye ninayetafuta wachezaji. Mwaka huu vilabu vinne vya huku vimechoka kugombania vijana, vimepatana jambo jipya: mwezi wa Machi vitakaa meza moja, na kila kilabu kitachagua kwa zamu kutoka kwa vijana wanaosoma vyuo vya Maskati. Ukishamtaja kijana ni wako, mwenzako hawezi kukunyang'anya. Sharti lao ni kwamba asiwe amevuka miaka ishirini na tatu. Sisi tunatafuta namba mbili, beki wa kulia.

Nimeletewa mikanda ya video mpaka macho yamevimba. Lakini kamera inafuata mpira, Muhsina. Beki unamwona pale tu mpira unapomfikia, na mara nyingi hapo ndipo anapopitwa. Akisimama vizuri akaziba njia, humwoni kabisa. Sasa namchaguaje mtu nisiyemwona?

Ndipo nikalikumbuka paa lenu la Ghubra. Kiwanja cha mechi za vyuo kiko chini yako. Wewe unaanika nepi zako, unatazama, nani atakushuku? Ulikuwa ukikaa na mimi ukutani kwetu Sib tangu huna meno ya mbele, mpira unaujua.

Vijana ni watatu. Fahd wa Sib. Hatem, yule mrefu wa Khuwair ya Kusini. Wa tatu ni mumeo.

Thabit sijamwambia, na wewe usimwambie. Sitaki akijua anatazamwa acheze kwa kujionyesha, na sitaki watu waseme kachukuliwa kwa ushemeji. Andika kama vile hakuoa kwetu. Andika Kiswahili, hapa ofisini hakuna anayekisoma.

Kaka yako,
Talal


Ghubra, 25 Januari 1999

Kaka Talal,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika inanuka dizeli, mume wa Balqees aliikalia njia nzima. Nimeisoma jikoni huku nakoroga uji. Mama mkwe wangu Bi Masouda akaingia. "Barua ya nani hiyo?" Ya kaka. "Anataka nini?" Anamuulizia mtoto. Akanitazama vile anavyotazama samaki wa jana. "Wanaume hawaulizii watoto kwa kurasa mbili," akatoka.

Basi na nikueleze huyo mtoto, nisije nikawa muongo. Jina lake Msellem, la babu, lakini hapa ndani tunamwita Kibaya, na ndivyo alivyo. Hana nywele, hana shingo, kazi yake kulia. Kula hali. Mwembamba kama kijiti cha mshikaki. Nampaka doa kubwa la wanja kwenye paji la uso, hata watoto wa jirani wanamkimbia. Usiulize kafanana na nani.

Kaka, hivi mie ntaandika nini? Shule nimeiacha darasa la sita, na Kiswahili cha kuandika kanifundisha mama kwa kunisomesha barua za shangazi. Thabit ndiye msomi, kesho kutwa anamaliza chuo. Lakini ukinituma ntakwenda, hujawahi kuniomba kitu.

Ila na nikwambie moja ujue. Mie nnataka achaguliwe. Nnataka mpaka kifua kinauma. Tunakaa chumba kimoja kwa mama yake, na humo chumbani ndimo alimofia mwanangu Jawaher, na mpaka leo nikifagia chini ya kitanda nnaona kama ntaikuta soksi yake. Thabit hasemi, lakini tangu siku ile hapigi mluzi tena akirudi mazoezini. Ukimchukua tutahama. Nimeshajipangia nyumba ya Doha kichwani, mpaka pazia nimechagua, za kijani. Mwakani atakuwa keshavuka hiyo miaka yenu, kwa hivyo ni mara hii au basi.

Sasa mtu anayetaka kitu namna hii anafaa kweli kuwa shahidi?

Mdogo wako,
Muhsina


Doha, 6 Februari 1999

Muhsina,

Unafaa, na nitakwambia kwa nini. Harusi ya Wadha, ulikuwa na miaka kumi na mbili. Bibi harusi kajipamba, kageuka huku na huku, kauliza, "Nimependeza?" Wote wakasema mashallah. Wewe ukasema, "Kichwa kimependeza, nguo imekaa kama gunia." Mama alikupiga kofi, mimi nilitoka nje kwa kucheka. Na nguo kweli ilikuwa imekaa kama gunia.

Huo ulimi ndio ninaoutaka. Nilipoondoka mwaka tisini na nne hukuwa unajua kumfichia mtu kitu, na mtu wa namna hiyo sijampata katika kazi hii. Hapa kila mtu anamsifia mtoto wa mjomba wake.

Nitazamie wanapokuwa hawana mpira. Nitazamie mtu akipitwa anafanya nini. Na nitazamie nusu ya pili, jua likiwa limeshamla.

Kuhusu mtoto umenitia wasiwasi. Nimempa mume wa Balqees makopo ya maziwa na dawa ya kumtia hamu ya kula. Mpelekeni kwa daktari.

Talal


Ghubra, 28 Februari 1999

Kaka Talal,

Nepi zangu mwezi huu zimeanikwa kuliko nepi zote za Maskati. Bi Masouda kaniuliza kama mtoto anaharisha.

Haya, nimetazama. Nimetazama mechi zote za kiwanja hiki na mazoezi juu yake, mtoto mgongoni, na nnakwambia nilichokiona.

Fahd, mashallah tabaraka Rahman. Mbio zake utadhani kuna mbwa nyuma. Akipitwa anageuka papo hapo na anamkuta mtu, anateleza, anautoa mpira, vumbi linasimama na watu wanapiga makofi. Kosa lake moja, anatazama mpira. Mpira ukiwa mbali anautazama kama mtoto anavyotazama kishada, na mtu anampita kwa nyuma. Lakini moyo anao. Mama yake anauza mkate wa ufuta pale sokoni Sib, ana haki ya kumuona mwanawe kwenye televisheni.

Hatem, mashallah, mwili anao. Mrefu, hakuna mpira wa juu unaompita. Ila mikono haimtulii, anavuta jezi za watu. Refa akiwa kaangalia pengine yeye keshakamata mtu kiunoni kama wanacheza ngoma. Lakini mpole, akimuangusha mtu anamuinua.

Thabit.

Hapa nimeweka kalamu chini nikaenda kumtazama mtoto, nikarudi.

Thabit yuko hivyo hivyo tu, kaka. Hana la ajabu. Mechi nzima mpira unakwenda upande wa pili, yeye kasimama. Anaonyesha kwa mkono, anasogea kidogo, anarudi. Bukta yake ananiletea safi, mie nafua vumbi tu, matope wanafua wengine. Miguu yake ya kawaida. Nusu ya pili anachoka. Akirudi nyuma anarudi pole pole, mkono kiunoni. Usimtegemee sana. Ni mtu mwema lakini, huyo huyo aliyenijalia Mungu.

Sina zaidi. Nimekuandikia kama tunavyosema kwetu, nawe ni mtu wa kwetu, utanielewa. Inshallah kheri. Nna matumaini makubwa sana, nimeona hata duka linalouza zile pazia.

Dawa ya mtoto imefika, ahsante. Yuko vile vile, mbaya wa kutupwa.

Muhsina


Doha, 21 Machi 1999

Muhsina mdogo wangu,

Imekwisha, na nataka uisikie kwangu.

Kura iliwapa wengine zamu ya kwanza, wakamtaja Hatem. Zamu ya pili ilikuwa yetu. Kocha mkuu akanigeukia mbele ya meza nzima: "Haya Talal, Fahd au shemeji yako?" Watu wakacheka. Nikasema Fahd.

Ningeweza kusema Thabit. Kocha angenisikiliza. Lakini kwenye mikanda simwoni, na mtu pekee aliyemwona kaniambia kwamba anasimama tu, anachoka, nisimtegemee. Nisingeweza kukaa pale nikalitaja jina la shemeji yangu na sina hata neno moja la kumtetea.

Zamu zikazunguka. Hakuna aliyemtaja.

Nakushukuru, na nasema kwa moyo. Wewe mwenyewe uliniambia unavyoitaka nyumba ya huku, halafu ukaniandikia kweli. Watu wazima wa kazi hii hawawezi hivyo. Naona haya kwamba shukrani yangu kwako ndiyo hii.

Talal


Ghubra, 3 Aprili 1999

Shemeji Talal,

Assalaam alaykum. Fahd kanieleza kwamba ulikuwepo kwenye meza ya kuchagua. Sikuandikii kulalamika. Aliyechaguliwa kachaguliwa, na Fahd ni rafiki yangu, nimekwenda kwao kula halua ya furaha.

Nna ombi moja, unijibu kwa mkato kama wanaume. Nimekosa nini? Mwaka huu nilihisi nacheza vizuri kuliko maisha yangu yote. Kama nilikuwa najidanganya, niambie. Kilabu kimoja cha hapa nyumbani kinatafuta beki wa kulia kwa msimu ujao, na kasoro nikiijua naweza kuitengeneza.

Muhsina usimwambie kwamba nimekuuliza. Amekuwa hasemi siku hizi, anakaa juu ya paa na nguo hazipo.

Wako,
Thabit


Doha, 15 Aprili 1999

Shemeji Thabit,

Waalaykum salaam. Umeuliza kiume na nitakujibu hivyo. Unachoka nusu ya pili, na ukipitwa unarudi pole pole. Sikuyaona kwa macho yangu, kamera haikukuonyesha. Nimeyapata kwa mtu ninayemwamini kuliko macho yangu.

Pumzi inatengenezeka. Kimbia kwenye mchanga.

Talal


Ghubra, 12 Juni 1999

Kaka Talal,

Barua yako ya Machi niliisoma chooni, kwa sababu ndimo mwenye kufungika mlango. Umenishukuru, na shukrani yako imenichoma, na sikuweza kumuonyesha mtu mahali iliponichoma.

Nakuandikia sasa kwa jingine. Thabit kaumia.

Tangu Aprili kaanza kukimbia. Akitoka kusali alfajiri haji kulala, anakwenda pwani, na hakimbii pale mchanga ulipokauka ukawa mgumu, anakimbia pale juu unapomeza miguu. Jua linamkuta huko. Mwezi wa sita, kaka, Ghubra, wewe unajua. Anarudi kakonda, midomo imepasuka. Bi Masouda kasema huyu ana mke mwengine pwani. Nikamwambia labda samaki. Tukacheka, lakini hakukuwa na cha kuchekesha.

Nikamuuliza, "Unakimbilia nini na msimu umekwisha?"

"Natafuta pumzi."

"Pumzi ya nini? Unazo mbili zimetosha."

"Ya nusu ya pili," akasema. Akaenda kuoga.

Nikabaki nimesimama na taulo lake mkononi.

Jumanne iliyopita wavuvi wawili wamemleta, wamemshika huku na huku. Mshipa wa kisigino umekatika. Anasema alisikia kama kapigwa jiwe kwa nyuma, kageuka, hakuna mtu. Daktari kamfunga plasta mpaka gotini. Kuhusu mpira kasema kutembea atatembea, na alipoulizwa mara ya pili kasema hivyo hivyo. Kile kilabu cha hapa kimeshapata mwengine.

Kaka, ulizungumza naye? Ulimwambia nini? Nijibu upesi, na nijibu vile vile kilivyo.

Bi Masouda kashikilia nikupelekee picha ya mtoto, kasema mjomba haiwezekani asimjue mpwawe. Tulimpiga picha studio ya Khuwair kwa ajili ya pasi. Iko humu, nimeifunga kwa karatasi. Usiwaonyeshe watu.

Muhsina


Doha, 23 Juni 1999

Muhsina,

Nimeifungua karatasi, nikaiweka picha mezani, nikadhani mume wa Balqees kakosea kaniletea mtoto wa mtu mwingine.

Ni yeye? Ni huyu ndiye Kibaya? Mtoto ana mashavu kama mkate wa kumimina. Ana nywele mpaka zinamfunika masikio. Mikono ina mikunjo ya unono, na anacheka na mpiga picha kama wamejuana miaka. Mwembamba kama kijiti cha mshikaki, ulisema. Nimempelekea dawa ya hamu ya kula, mimi mjinga!

Nimekaa na picha hii asubuhi nzima, kisha nikaitoa barua yako ya Februari nikaisoma tena, na safari hii nimeisoma kwa Kiswahili. Mara ya kwanza sijui niliisoma kwa lugha gani. Watoto wa watu umewasifu na mashallah juu. Chako umekitia wanja usoni.

Nimeuliza nyumbani. Mama kaniambia kwa simu kwamba tangu afe Jawaher hujamsifu kiumbe wako hata mmoja, hata paka, kwa kuogopa jicho la watu. Mimi sikujua. Sikuja kumzika mtoto wako, nilipiga simu, nikarudi kwenye kazi yangu, na nikaendelea kumbeba kichwani yule msichana wa harusi ya Wadha kana kwamba ulisimama pale pale ukinisubiri.

Lakini wewe usijibebeshe hili, kwa sababu kuna neno jingine ambalo halina uhusiano na jicho wala wanja. Uliniandikia kwa mkono wako: mpira unakwenda upande wa pili, yeye kasimama, bukta safi. Muhsina, mimi nalishwa kwa kuyajua mambo haya. Mtu yeyote wa kazi hii akisikia mpira hauendi upande fulani, cha kwanza anauliza: kwa nini hauendi? Wanamwogopa nani huko? Sikuuliza. Niliogopa meza itanicheka kwa ushemeji, nikatafuta sababu ya kumwacha, na barua yako ikanipa, nikashukuru.

Umeuliza nilimwambia nini. Aliniuliza mwenyewe, mwezi wa Aprili, kasoro yake ni ipi. Nikamwambia anachoka nusu ya pili. Nikamwambia akimbie kwenye mchanga.

Fahd yuko benchi. Bado anatazama mpira.

Nisamehe. Na kama Thabit hataki kulisikia jina langu, mwambie hana kosa.

Talal


Ghubra, 9 Julai 1999

Kaka Talal,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, sikuweza mbili.

Unajua Jawaher alikuwaje? Hukumuona. Nilikwenda naye arusini kwa Sayyida, ana miezi mitatu, na nikasimama katikati ya wanawake nikamnyanyua juu, nikasema, tazameni macho haya, nani ana mtoto kama wangu? Wakamtazama wote. Homa ilimuanza siku ya pili. Thabit anasema ilikuwa homa tu, wangapi wanapata homa. Mie nnajua anasema kweli. Lakini mdomo wangu haujasikia mpaka leo. Kila nikitaka kusema zuri unafunga wenyewe, kama mlango wenye upepo. Siku ile naandika habari za Thabit nilikuwa na maneno mengi mpaka yananisukuma, na nikaogopa kwamba yakishakuwa kwenye karatasi yatasafiri kwenye lori, yatalala njiani, yatapita mipaka na watu, na kitamfika kitu. Nikayageuza yote. Nikasema kaka ni mtu wa nyumbani, atayageuza tena yakae sawa.

Na kitu kimemfika hivyo hivyo. Nimemlinda mpaka kisigino kimekatika.

Sasa na nikuandikie ile barua uliyoniomba. Haina kazi tena, meza imekwisha, najua. Lakini niliombwa na sikuileta.

Thabit namba mbili. Mashallah. Hapana, nisianze kwa kujificha nyuma ya mashallah. Thabit ni mzuri. Ni mzuri kuliko wote niliowaona kutoka juu ya lile paa. Winga anapogusa mpira Thabit keshafika, hajakimbia, alianza kutembea kabla, kwa sababu hatazami mpira, anatazama kiuno cha mtu. Bukta inarudi safi kwa sababu hana haja ya kuanguka. Mkono wake ule nilioandika anaonyesha, anawapanga wenziwe, huyu nyuma, huyu ndani, na wanamtii, hata Fahd siku walipochanganywa timu moja. Hakupitwa hata mara moja. Ile ya kurudi pole pole mkono kiunoni ni refa akishapuliza, mechi imekwisha, anarudi kunitazama juu ya paa kama nipo. Mechi na wale wa Sib, kocha wao alipiga kelele mpaka nimemsikia mie na nepi zangu: "Upande ule hapana! Geuzeni! Upande ule yupo yule!" Nilitaka kumjibu kwa ukelele. Nikauma kanga. Na nusu ya pili, kaka, wenziwe wote wameinama wameshika magoti, yeye kasimama wima, anawagaia maji.

Hiyo ndiyo kweli yangu. Imechelewa na imefika.

Mtoto anaitwa Msellem. Ni mzuri. Ana nywele za kuchana na meno mawili, na jana kanishika pua akaniita kwa jina ambalo silijui. Wanja nimemfuta. Nimemfuta jana kwa ncha ya kanga, na kaamka leo mzima, na mie nimeamka nikamtazama kwanza kabla ya kusema alhamdulillahi.

Thabit nimemwambia yote. Nimengoja mpaka mama yake katoka kwenda kwa jirani, nikakaa chini karibu na mguu wake wa plasta, nikamsomea hii barua toka juu mpaka hapo nilipokuwa nimefika. Nilijua atainuka aondoke, kisha nikakumbuka hawezi kuinuka, nikaona haya zaidi.

Hakuniangalia. Alikuwa anamchezesha mtoto kwa fimbo ya kutembelea. Nilipomaliza nikasema, "Sema kitu, baba Msellem. Nitukane."

Akasema, "Somea tena pale kwa kocha wa Sib."

Nikamsomea.

"Alisema hivyo? Yupo yule?"

"Alisema. Wallahi alisema."

Kaka, nimeishi na uso wake huu, naujua ukikasirika na naujua ukilia, na huu haukuwa hata mmoja. Akautazama mguu wake kama mguu wa mgeni. Kisha akaniuliza pole pole, kama mtu anayeuliza habari ya mtu mwengine kabisa:

"Kumbe mie sichoki?"

Muhsina